Tamthilia inasomwaje na mtu mzima asiye na mtihani?

FundiFriji_Moro

Wakuu, habari za jioni. Naomba nisichekwe.

Mimi ni fundi wa majokofu hapa Morogoro, nina miaka 41. Kusoma napenda. Utotoni nilikuwa nakodi vitabu vya Willy Gamba, vile vya Musiba, kwa jamaa mmoja jirani na stendi. Unalipa jioni, unasoma usiku kucha, asubuhi unarudisha na macho mekundu. Kwa hiyo si kwamba mimi na kitabu hatujuani.

Sasa binti yangu yuko kidato cha tano, HKL, yaani Historia, Kiswahili na Kiingereza. Amekuja likizo na tamthilia ya Kinjeketile ya Ebrahim Hussein, kaiazima maktaba ya shule. Kaniambia, "Baba soma, ni fupi." Kweli ni fupi. Nimeshinda nayo dukani siku tatu. Kazi yangu ina kusubiri kwingi: ukishafunga pampu ya kunyonya hewa kwenye mabomba ya friji unakaa nusu saa nzima unaangalia geji. Huo ndio muda wangu wa kusoma. Ukurasa wa kwanza nimeusoma mara nne. Kila mstari una jina mbele, halafu mabano, huyu anaingia, yule anatoka. Nikifika chini sikumbuki nani kasema nini. Hakuna anayeniambia hawa watu wakoje, wana sura gani, moyoni wanawaza nini. Kwenye riwaya mwandishi ananishika mkono mpaka sebuleni. Hapa kaniacha mlangoni na viatu mkononi.

Kidato cha nne nilifanya kama mtahiniwa wa kujitegemea, mwaka 2009, nikiwa tayari fundi. Tulisoma tamthilia ya Ngoswe. Nikapata C. Lakini nikiwa mkweli sikusoma, nilikariri. Mpaka leo ukiniamsha saa nane usiku nitakutajia: umuhimu wa sensa, mapenzi na kazi, ulevi, nafasi ya mwanamke. Kama niliwahi kucheka hata mara moja nikiwa na kile kitabu, sikumbuki.

Na si tamthilia tu. Mteja wangu mmoja, mtu wa chuo, alinipa riwaya ya Nagona ya Kezilahabi nikajaribu. Kurasa kumi, nikamrudishia kwa heshima.

Swali langu: hivi nyie mnaosema mnafurahia hivi vitabu, mnafanyaje? Nina kasoro mimi, au kuna kitu sijaambiwa?

Kaka_Mkavu

Mkuu usijitese. Nunua mwongozo. Fani na maudhui yote yamo, unamaliza kabla pampu haijazima.

VitabuMitumba

Mimi nauza vitabu vilivyotumika, chini kwenye turubai, Dar. Miongozo ndiyo inanilipia kodi ya chumba, kwa hiyo sitaitukana hapa mbele za watu.

Ila nikwambie ninachokiona. Tamthilia zinarudi kwangu baada ya mitihani, nazinunua kwa fungu. Nikizifungua nakuta kalamu nyekundu: "takriri", "tashbiha", "ujumbe 2". Imepigiwa mistari mpaka inatia huruma. Halafu ukifika ukurasa wa tisa, wa kumi, kalamu inakoma. Kuanzia hapo kitabu ni kipya kabisa, hata harufu ya wino bado ipo. Ndipo mwongozo uliponunuliwa.

Kwako fundi ningesema anza na kinachochekesha. Kuna tamthilia ya Mrusi mmoja, Gogol, ya mwaka 1836, ipo kwa Kiswahili, inaitwa Mkaguzi Mkuu wa Serikali. Wakubwa wa mji mdogo wanasikia kuna mkaguzi anakuja kimyakimya. Wanaanza kufagia. Hospitalini wagonjwa wanavalishwa kofia safi. Halafu wanamwona kijana mmoja nyumba ya wageni, hana hata hela ya chakula, wanadhani ndiye. Mengine utaona. Ukishindwa kucheka hapo basi hujawahi kuishi wilayani kiongozi akitarajiwa.

BiMwalimu_Muheza

Mwanangu fundi, kama umenisalimu marahaba, na kama hujanisalimu marahaba vilevile.

Nimefundisha Kiswahili miaka 31. Sasa nimestaafu, nina kuku na michungwa. Niungame kwanza: hizo dhamira unazozitaja saa nane usiku, watu kama mimi ndio tuliokukaririsha. Tuliingia darasani, tukaandika ubaoni DHAMIRA kwa herufi kubwa, tukapiga mstari chini, vitabu vyenyewe vikiwa bado kwenye boksi. Ni kama kumwekea mgeni mifupa ya samaki kwenye sahani ukamsimulia jinsi samaki alivyokuwa mtamu.

Kasoro huna. Umesoma tamthilia kama unavyosoma Willy Gamba, ukangoja mwandishi akusimulie, naye amenyamaza kwa makusudi. Wewe una ile michoro ya waya inayobandikwa nyuma ya friji. Mimi nikiitazama naona mistari. Wewe unaona umeme unatoka hapa unaingia pale, na ukikuta hauingii unajua pa kugonga. Tamthilia imeandikwa hivyo. Inangoja mtu aje na mdomo na mwili wake auwashe.

Kwa hiyo achana na dhamira. Kila anayefungua mdomo mwulize swali moja: huyu anataka nini kwa huyu aliye mbele yake, sasa hivi? Basi. Kinjeketile inaanza na wanawake wawili wanazungumza, Bibi Kitunda na Bibi Kinjeketile. Hali ni ngumu, wanaume wako kwenye shamba la Mjerumani, na mume wa mmoja wao kajifungia ndani hatoki. Soma kama umekaa upande wa pili wa ukuta wa jirani. Majirani hawakuelezi wao ni nani, wanajuana. Wewe mgeni ndiye unayedokoa, neno huku neno kule, mpaka unajua nani ana njaa na nani anaogopa kusema.

Kidogo cha historia kitakusaidia, si kingi. Kusini, chini ya Wajerumani, watu walilazimishwa kulima mashamba ya pamba ambayo faida yake hawakuiona. Julai 1905 Wamatumbi wa Nandete wakaenda wakaing'oa. Ndiyo Maji Maji hiyo, ikaendelea mpaka 1907. Wako wanahistoria wanaofikisha waliokufa hadi 300,000, na wengi si kwa risasi, ni kwa njaa, maana Mjerumani alichoma vyakula. Mganga wa Ngarambe, Kinjikitile Ngwale, alinyongwa tarehe 4 Agosti 1905, vita ndiyo kwanza vinawaka. Sasa tazama alichofanya Hussein, mtu wa Kilwa yeye mwenyewe, kwenye kitabu alichokitoa 1969. Jina kaligeuza kidogo. Maisha kamrefushia, vita vinapiganwa yeye yungali hai, anaviona. Na kamtia shaka moyoni. Utangulizi wenyewe unasema wazi kwamba huyu Kinjeketile ni wa kubuni. Nimesahihisha mitihani mingi ambayo mtoto anaandika historia tupu na kuiita fasihi, na mingine kinyume chake.

Niwaeleze kisa kimoja, kwa sababu ndicho kilichonibadilisha.

Mle ndani kuna mahali Kinjeketile amepandwa na mzimu, Hongo. Amezama mtoni, amerudi, ana maji ya dawa, ya kuwakinga watu na risasi. Watu waliokuwa wanadharauliana, huyu Mkichi, yule Mngindo, sasa wanataka kuwa kitu kimoja. Na katikati ya maneno yale ya kupandwa anatamka kwamba watakuwa watoto wa Seyyid Said. Nilifundisha kitabu hiki miaka sijui mingapi, na hapo tulikuwa tunapita kama basi la moja kwa moja linavyopita kituo kidogo. Hata breki hatugusi.

Mwaka mmoja umeme ulikatika wiki nzima. Vitabu vilikuwa vinne kwa darasa la watoto arobaini na kitu. Ikabidi jioni tusome kwa sauti, kandili moja mezani, wengine wanasikiliza gizani. Kinjeketile nilimpa kijana mmoja mwembamba, mtoto wa mvuvi, wala si hodari wa kusoma. Akafika kwenye lile jina, akakwama. Nikadhani hakuliona vizuri. Akasema, "Mwalimu, Seyyid Said si Sultani?" Nikamwambia ndiyo, Sultani wa Zanzibar, alikufa 1856. Akanyamaza. Halafu: "Sasa tukimtoa Mjerumani ili tuwe watoto wa Sultani, tutakuwa tumetoka wapi?"

Hakuna aliyecheka. Nilisikia mbu.

Yule kijana hakujua kwamba kurasa kadhaa mbele Kinjeketile mwenyewe anajiuliza lilelile, na linamla kweli, kwa sababu neno limeshatoka kinywani mwake na watu wameshalibeba. Mtoto hakusoma mwongozo, haukuwepo. Ni kwamba alilitamka. Ulimi ulikanyaga jiwe ambalo macho yangekuwa yamelivuka.

Kwa hiyo ushauri wangu ni huo tu. Usisome peke yako kwenye geji. Keti na watu wako, kitabu kimoja kinatosha, mnapokezana. Mmoja asome yale maneno ya kwenye mabano, kwa sauti pia, usiyaruke. Msiigize, msibadili sauti kama redio. Someni tu kama mnaongea. Mkichoka acheni.

Na jambo moja zaidi. Mbele kabisa utamkuta Kinjeketile kifungoni, na Kitunda, aliyekuwa kiongozi wake wa vita. Wanataka aseme kwamba maji yale ni uongo. Ukifika hapo, kabla hajajibu, funga kitabu. Kila mtu aseme yeye angejibu nini. Ndipo mfungue.

MtotoWaKisauni

Assalaam aleikum. Mie wa Mombasa, nafanya kazi ya mizigo bandarini. Kwa heshima zote, Bi Mwalimu, nitakupinga kidogo.

Huku kwetu tamthilia za mtihani zaigizwa. Vikundi hupita mashuleni, mwalipa, mwasongamana ukumbini kama dagaa. Mie nilisoma Kifo Kisimani cha Kithaka wa Mberia. Mtemi Bokono ni mtawala wa kuogofya yule, Butangi nzima yamtetemekea. Basi siku ile aliyemuigiza alikuja na mto kauvika tumboni chini ya kanzu, kila akitembea mto wateleza, na ukumbi wote chini kwa kicheko. Hiyo ilikuwa miaka ishirini na ushei. Mpaka leo nikishika kile kitabu, Bokono akisema neno la kumtoa mtu roho, mie naona mto. Nimeporwa Bokono wangu, wallahi.

Kwa hiyo kuna wengine twapenda kimya. Mie husoma kwenye feri ya Likoni, nasogeza midomo tu, na jukwaa lenyewe nalijenga kichwani. Waigizaji wangu hawakosei. Lakini swali la Bi Mwalimu, "huyu anataka nini kwa huyu", hilo nalichukua, ahsante. Sisi tulifundishwa jingine: "Weka dondoo hili katika muktadha wake. Alama 4." Nani anena, amwambia nani, wako wapi, kwa nini. Ukitazama kwa makini lilikuwa swali zuri tu. Alama ndizo zilizoliharibu.

Sasa Nagona. Fundi, usione haya hata chembe. Maprofesa wenyewe wabishana. Kezilahabi alianza na Rosa Mistika, 1971: msichana wa Ukerewe, babake Zakaria mlevi, ampiga kwa sababu ya barua ya mvulana. Hadithi imenyooka kama reli. Nagona ni ya 1990, na Mzingile ya 1991. Hapo katikati mtu kaandika Kichwamaji na vingine, kasoma falsafa, kahama njia nzima ya kusimulia. Wewe umeingia nyumba kwa kupitia paa. Shuka, kapige hodi mlangoni, anza na Rosa, kisha Kichwamaji. Nagona ukiifikia, isome kama unavyosikiliza mtu akikuhadithia ndoto yake. Humkatizi kila neno ukamuuliza lamaanisha nini. Wamuuliza, "Ehe, halafu?"

Mie nimeisoma mara tatu. Mara ya kwanza sikuambulia kitu. Ya tatu niliambulia nusu, na ile nusu sijaipata kwenye kitabu kingine chochote.

Kaka_Mkavu

Mara tatu upate nusu? Ndugu, hiyo biashara gani. Mimi naona hivi vitabu vigumu ni wasomi kujionyesha. Hadithi nzuri inaeleweka mara moja. Na zile tafsiri za Nyerere za Shakespeare ndiyo kabisa, nani amewahi kuongea namna ile?

VitabuMitumba

Hata London ya mwaka 1600 hakuna aliyeongea namna ile sokoni, kaka. Yalikuwa mashairi. Nyerere naye kayaweka kwa mizani. Ukiyasoma kama habari ya gazeti lazima yakukabe.

Lakini ngoja, usiende mbali, tubaki kwenye jalada. Kaisari alimtoa mara ya kwanza 1963, keshakuwa Rais, akarudi kumrekebisha akamtoa tena 1969 kwa jina la Juliasi Kaizari. Mwaka huohuo akatoa Mabepari wa Venisi. Sasa Shakespeare kwenye jina la mchezo wake kaweka mfanyabiashara, mmoja tu, mtu wa kupakia shehena melini. Nyerere kaweka mabepari, tena kwa wingi. Ni miaka miwili tangu Azimio la Arusha, lile la ujamaa. Mtu hajafungua hata ukurasa, mtafsiri keshamwambia amekaa upande gani. Kuna mzee hununua kwangu, kila akiiona hiyo nakala anaichukua, anasoma jalada kwa sauti, anacheka peke yake, anairudisha. Hajawahi kuinunua. Mimi namwacha.

Kueleweka mara moja ni vizuri. Hata mimi nikirudi nyumbani nimechoka nasoma za kueleweka mara moja. Ila hizo ndizo zinazorudi kwangu kwa wingi, kwa sababu mtu akishamaliza hana sababu ya kukaa nazo.

Kaka_Mkavu

Sawa bwana muuza vitabu, lazima uzisifie.

FundiFriji_Moro

Mwalimu shikamoo. Nimesoma mara mbili ulichoandika. Mfano wa mchoro wa waya umenipata sawasawa. Swali dogo: nyumbani tuko mimi, mke wangu, binti, na kijana ninayemfundisha kazi anayelala kwetu. Huyu kijana darasa la saba hakumaliza, anasoma kwa kuunganisha silabi. Nimwache nje?

BiMwalimu_Muheza

Marahaba. Usimwache nje hata kidogo. Mpe nafasi kubwa.

FundiFriji_Moro

Wakuu nimerudi kutoa ripoti, kama mwalimu alivyoagiza. Samahani ni ndefu.

Tulianza Jumapili baada ya chakula, barazani. Kwanza niseme tulikuwa na mgeni: mama mkwe wangu, ametoka Liwale kuja kutibiwa macho. Alikaa pembeni kwenye mkeka na ungo, anachambua mchele kwa vidole, maana macho yenyewe ndiyo hayo. Tukadhani hasikilizi.

Binti ndiye aliyegawa nafasi. Yeye na mama yake wakawa wale wanawake wawili, mimi Kitunda, na kijana wangu, kama mwalimu ulivyosema, nikampa Kinjeketile. Akakataa. Akakubali nilipomwambia asubuhi nitaosha mimi zile kondensa.

Mke wangu akaanza. Ana sauti ya sokoni huyu, anauza vitenge, na ile habari ya shida na njaa akaipiga kwa nguvu kama anaita wateja. Hata mimi nikaona kuna kitu hakikai, ila sikujua ni nini. Mama mkwe, huku anaangalia ungo wake, akasema, "Mwenye njaa hapazi sauti. Nguvu kaitoa wapi?"

Kimya. Mke wangu akarudia kutoka juu, kwa sauti ya chini, ile ya kuongea na jirani hutaki watoto wasikie. Wakuu, ni maneno yaleyale. Nilikuwa nimeyasoma mara nne. Nilijikuta nimesogeza kigoda. Kijana naye kasogea. Binti aliyetakiwa kujibu akasahau zamu yake, ikabidi agongwe goti.

Tangu hapo mama mkwe ndiye akawa bosi. Hasemi na mimi moja kwa moja, ni adabu zao na mimi naziheshimu, anamwambia mwanawe: "Mwambie asiharakishe." Huyo anayeambiwa asiharakishe ni mimi.

Kuhusu Seyyid Said, mwalimu, nitakuangusha. Nilikuwa naisubiri ile sehemu roho juu. Kijana wangu kwa kusoma kwake kwa silabi nilijua lazima akwame. Alikwama kila mahali, ila hapo akapita kama mtu kalainishwa mafuta. Nikataka kumsimamisha, binti akanikonyeza niache. Tukaendelea mistari kama sita hivi, halafu kutoka kwenye mkeka: "Said yupi huyo?" Tukacheka mpaka jirani akachungulia. Kisha ikabidi kumweleza, na nilipomaliza kumweleza hakuna aliyekuwa anacheka.

Na kusoma kwa silabi, sikujua, kumbe ni faida. Kijana anapolitafuta neno, unamwona Kinjeketile naye analitafuta. Anasema nusu, anasimama, anaangalia karatasi, anamalizia. Mtu ana shaka kweli! Mimi niliyekuwa nasoma harakaharaka ndiye nilionekana mwongo.

Tulisoma Jumapili, Jumatatu, Jumanne. Usiku wa Jumanne tukafika kifungoni. Nikafunga kitabu. Nikauliza: ungekuwa wewe, ungesema maji ni uongo?

Kijana akajibu papo hapo: angesema. Watu wanakufa, aseme, waache kupigana, wapone. Mke wangu akasema hapana, na waliokwisha kufa je, ndugu zao wataambiwaje? Mimi nikawa upande wa kijana, halafu nikahama. Binti anajua mwisho, akawa anatutazama tu na kale katabasamu kanakoniudhi. Tukabishana mpaka saa tano. Mama mkwe kimya, mchele ulishaisha zamani, anazungusha ungo mtupu.

Tulipoanza kuinuka akamuuliza mwanawe, "Huyo Mjerumani anayemuuliza, anaandika?"

Mke wangu akaniangalia. Nikasema haijasemwa, mama, sijui.

"Kama anaandika, asiseme."

Akaenda kulala.

Sasa tatizo langu ni hili. Binti alikuwa na basi la alfajiri kurudi shule, na kitabu ni cha maktaba, kaondoka nacho. Sisi wote tumelala tukiwa tumekifunga palepale. Nimempigia anisimulie, kaniambia, "Baba si umesema tusiharakishe." Ningeweza kuutafuta mwisho humu mtandaoni, ila nimemkataza kijana na mimi mwenyewe nimejikataza. Asubuhi ya leo mke wangu kaletewa swali tena: "Muulize mwenzio, yule bwana wamemfanyaje?" Ni mara ya pili.

VitabuMitumba, unayo? Mzigo wa basi nalipia mimi. Mama anarudi Liwale Jumamosi.

VitabuMitumba

Ipo moja. Ina kalamu nyekundu mpaka ukurasa wa tisa, kuanzia hapo ni safi. Naipeleka stendi kesho asubuhi, nitumie jina la kuandika kwenye bahasha.